Tuyaache maji ya magotini yazae: ushauri kwa wavuvi wa Bwawa la Nyumba ya Mungu na Ziwa Jipe

Ndugu mvuvi, ukiona ndoo mwaloni zimejaa perege wa ukubwa wa kiganja, usihesabu wingi huo kuwa neema. Wengi wao hawajazaa hata mara moja. Perege mwenye sentimita 12 akiachwa akafika sentimita 24, uzito wake hauongezeki mara mbili, unakaribia mara nane. Kwa hiyo anayemtoa leo hauzi samaki mdogo tu, anatupa kilo ambazo zingekuja zenyewe bila kulishwa.

Bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa miaka ya 1960, pale Mto Kikuletwa unapokutana na Mto Ruvu, kati ya Milima ya Upare na nyanda za Simanjiro. Miaka ya mwanzo samaki walikuwa tele mpaka wavuvi wakahamia kutoka mbali, kisha mavuno yakaanguka. Sehemu ya anguko hilo ni ya kawaida: bwawa jipya hushiba majani na udongo uliofunikwa na maji, na chakula hicho hakidumu. Sehemu nyingine ilitokana na nyavu zenye matundu madogo. Ya kwanza hatuwezi kuirudisha. Ya pili iko mikononi mwetu.

Tuangalie perege anavyozaa, maana ushauri wote unatoka hapo. Dume huchimba shimo la mviringo kama sinia kwenye maji mafupi karibu na ukingo. Jike hutaga humo, kisha huyachukua mayai na kuyaatamia mdomoni. Hatagi mengi: ni mamia, pengine elfu na ushee kwa jike mkubwa, wakati kambale hutaga makumi ya maelfu na kuondoka. Hata vifaranga wakishaanguliwa, hurudi kinywani mwa mama kila hatari inapotokea. Katika siku hizo mama hali karibu kitu chochote. Akinaswa huyatema yote. Zile punje za njano unazoziona sakafuni mwa mtumbwi ndizo uzao wake wote wa safari ile.

Sasa fikiria kokoro. Huzungushwa kwenye maji ya ndani na kuvutwa mpaka ufukweni, likifagia mashimo ya kuzalia na kukomba vifaranga waliojificha kwenye nyasi. Kokoro ni haramu, timba (wavu wa uzi mmoja wa plastiki) ni haramu, na sumu nayo vilevile. Timba ina ubaya wake wa ziada: ikikatika na kupotea majini haiozi, inaendelea kunasa samaki ambao hakuna atakayewala.

Bwawa letu lina taabu moja ambayo ziwa la kawaida halina. Maji hufunguliwa kwa ajili ya umeme, na kiangazi kina hushuka. Mashimo yaliyokuwa kwenye maji ya magotini hubaki juu ya tope kavu. Mvuvi hana mamlaka juu ya mageti, lakini ana mamlaka juu ya kokoro. Pale kina kinapopanda wakati wa mvua na nyasi za ukingoni kufunikwa, samaki hukimbilia huko kuzaa na kulisha watoto. Kaeni na BMU yenu, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, na afisa uvuvi wa wilaya, mchague ghuba na midomo ya mito isiyovuliwa kipindi hicho, mweke maboya yanayoonekana hata na mgeni. Kwenye Ziwa Jipe kazi ni tofauti kidogo: kule mafunjo na tope vimebana maji ya wazi. Fungueni njia za mitumbwi, lakini msifyeke mafunjo yote, maana ndiyo kitalu cha vifaranga.

Najua jibu la wengi: "Nikiacha mimi, atavua mwingine." Ni kweli, na inauma. Ndiyo sababu makubaliano haya yafanywe na mwalo mzima, si na mtu mmoja mwenye moyo mwema.

Nyavu mzipime wenyewe, msitegemee alichosema muuzaji. Loweka wavu, livute tundu moja mpaka lijinyooshe kabisa, kisha pima kwa rula kutoka fundo hadi fundo la upande wa pili. Inchi tatu ni sentimita 7.6. Tundu la chini linaloruhusiwa kwenye maji yenu mwulize afisa uvuvi kabla ya kutoa hela.

Kwa wenye mabwawa ya kufugia kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Upare: tafadhali msimwachie sato, yule perege mgeni wa kufugwa, aingie mtoni. Perege wa Jipe, na yule wa Ziwa Chala, ni samaki wa huku tu na wako hatarini kutoweka kabisa. Sato huzaana na jamaa zake, na uzao ukishachanganyika hauwezi kutenganishwa. Weka chujio kwenye bomba la kutolea maji.

Wanaolima ukingoni wakumbuke kuwa Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa maji ziachwe. Pampu ya kupulizia nyanya isioshwe bwawani kamwe. Dawa nyingi za wadudu huua vifaranga kwa kiasi kidogo sana.

Samaki akishatoka majini, usimwache juani. Mtoe matumbo mapema, mwoshe kwa maji safi. Kwa joto la kule bondeni, barafu iwe karibu sawa na uzito wa samaki. Barafu ikikosekana, mfunike kwa gunia la katani lililoloweshwa, mweke kivulini penye upepo, na ulimwagie maji safi kila linapoanza kukauka. Njia hiyo inamsaidia kwa saa chache tu, kwa hiyo mama anayekaanga au kubanika aitwe kabla mtumbwi haujafika.