Kabla hujafuta picha za harusi, soma ramu

Juzi dada mmoja mwenye steshenari Sinza kaniibukia hapa Kariakoo, laptopu kwapani. "Kaka fundi, memori imejaa. Hata kuprinti CV moja inaganda." Fundi wa huko kwao alishamwambia afute mafaili, naye akafuta picha zote za harusi ya mdogo wake. Bado inaganda. Iliniuma, maana picha zilikuwa kwenye diski, mahali mafaili yanapotunzwa, na tatizo liko kwenye ramu, mahali programu zinapofanyia kazi zikiwa wazi. Huku mtaani vyote viwili tunaviita memori.

Nikamwonyesha kwa fremu yangu mwenyewe ya duka. Hapa mbele pananitosha mimi, meza na rafu moja. Mzigo uliobaki uko stoo, ghorofani, mtaa wa pili. Mteja akiulizia chaja iliyopo rafuni anapewa palepale. Isipokuwepo, kijana anakimbia stoo na mteja anasubiri. Fremu ndiyo ramu, stoo ndiyo diski, na anayeamua nini kikae mbele ni Windows, mfumo unaoendesha kompyuta.

Sasa bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager ikifunguka, ingia Performance, kisha Memory. Ya kwake, yenye ramu ya GB 4, ilisomeka hivi kwa GB: In use 3.1, Cached 0.7, Committed 6.2/7.9.

In use ni kinachotumika muda huo. Cached watu wanaiogopa bure: ni vitu vilivyokwisha kusomwa kutoka diski, vikaachwa mbele endapo utavitaka tena. Programu ikihitaji nafasi, Windows inaviondoa bila hata kukuuliza. Ndiyo maana zile programu za "kusafisha ramu" sitaki kuziona. Zinarudisha mzigo stoo, dakika tano baadaye kijana anaufuata upya.

Committed ndiyo ya kukazia macho. Ni nafasi ambayo Windows imeziahidi programu, na ile 7.9 ni ramu ukijumlisha na faili la pagefile.sys lililoko kwenye diski. Hapa imeahidi GB 6.2 na fremu ni ya 4! Sehemu ya nafasi hiyo programu huwa hazijaigusa, sawa. Lakini iliyoguswa ikizidi, Windows 10 inaibana kwanza humohumo ramuni, kisha inaanza kuipeleka pagefile.sys, vipande vya KB 4, na kuirudisha ikihitajika. Diski yenyewe ni ile ya kuzunguka, siyo SSD, ile ya kasi isiyozunguka. Pembeni, Disk ilikuwa asilimia 100. Ukiweka sikio unaisikia, krr krr krr. Kijana anapanda na kushuka ngazi, mteja hajapewa kitu.

Rudi Processes, bonyeza neno Memory juu ya safu ili wakubwa wakae juu. Alikuwa Chrome, kurasa 23 ziko wazi. Chrome inazitenga ili moja ikianguka isiziangushe nyingine, na kutenga huko kunakula ramu. Tukabakiza nne. Kwenye Startup tukazima vinavyojiwasha vyenyewe.

Halafu Restart, siyo Shut down. Tangu Windows 8 kuna Fast Startup: ukizima, kiini cha mfumo kinahifadhiwa diskini na kesho kinarudi kama ulivyokiacha. Restart ndiyo inayoanza upya.

Ukishafanya yote hayo na diski bado inahangaika siku nzima ya kazi, ongeza ramu. Palepale Memory angalia Slots used. Yake ilisema 1 of 2, kwa hiyo nafasi ipo. Kabla ya kununua, jua kama ramu yako ni ya aina ya DDR3 au DDR4, maana pengo la chini halikukaa sehemu moja na haziingiliani. Fundi akianza kuilazimisha, mnyang'anye. Chomoa chaja, toa betri, ingiza ramu kwa mshazari, kisha ilaze hadi vibanio vya pembeni vilie. Skrini ikibaki nyeusi usiseme umetapeliwa. Itoe, sugua miguu yake ya dhahabu taratibu kwa raba ya penseli, rudisha.

Tuliongeza GB 4, diski ikanyamaza. Picha za harusi tulikuta 14 tu kwenye Recycle Bin.