Kusaidia shirika linalowatetea wahamiaji Marekani: mwongozo kwa msemaji wa Kiswahili

Marekani, mshtakiwa wa jinai asiye na uwezo huwekewa wakili na serikali. Mhamiaji mwenye kesi ya kuondolewa nchini hana haki hiyo: anaruhusiwa kuwa na wakili, ila amtafute na kumlipa mwenyewe. Asiyeweza hutegemea mashirika yasiyolenga faida, ambako mafaili ni mengi kuliko mawakili. Mimi hujitolea kufasiri na kukalimani huko, na hivi ndivyo ninavyomwelekeza anayeanza.

1. Hakikisha shirika ni la kweli. Idara ya Sheria huchapisha orodha ya mashirika inayoyatambua, jimbo kwa jimbo. Tovuti ya mamlaka ya kodi, IRS, nayo itakuonyesha kama limesajiliwa chini ya kifungu cha 501(c)(3), yaani kama shirika la hisani lisilotozwa kodi ya mapato. Mtu anayeahidi ushindi, au anayejiita “notario” (neno la Kihispania; Marekani mtu huyo si wakili) na kutoza ada ya ushauri wa uhamiaji, mkwepe.

2. Ukitoa pesa, toa kidogo kila mwezi. Kesi ya hifadhi, yaani ya anayeomba kubaki kwa sababu anaogopa kuteswa kwao, yaweza kuchukua miaka, na wakili haajiriwi kwa mchango wa siku moja. Usiufunge mchango wako kwa mteja mmoja uliyesikia habari zake.

3. Fasiri nyaraka. Hapa ndipo tunapohitajika hasa. Kila waraka usio wa Kiingereza unaopelekwa mahakama ya uhamiaji lazima uambatane na tafsiri, pamoja na tamko lililosainiwa na mfasiri kwamba anaimudu kazi hiyo na kwamba tafsiri ni ya kweli na sahihi kadiri ya uwezo wake. Fasiri kila kilichomo: mihuri, maandishi ya pembeni, hata pale pasiposomeka andika kwamba hapasomeki. Jina likiwa na tahajia tofauti kwenye cheti cha kuzaliwa, liache lilivyo, kisha mwarifu wakili.

Tarehe huponza wengi. 5/3 kwetu ni Machi, kwa Mmarekani ni Mei, kwa hiyo taja mwezi kwa jina. Shahidi akisema askari waliingia saa mbili usiku, Kiingereza kisomeke 8:00 p.m. Na “baba” wa kwenye maelezo aweza kuwa baba mdogo: usikisie, peleka swali kwa wakili. Karatasi moja ikisema baba aliuawa na nyingine ikisema baba yu hai, mwanasheria wa serikali atalishikilia hilo, na jaji anaweza kumwona mteja mwongo ilhali kila alichosema ni kweli.

4. Kalimani. Mahakama ina wakalimani wake. Lakini kwenye mahojiano ya hifadhi mbele ya ofisa wa USCIS, idara ya uraia na uhamiaji, mwombaji asiyemudu Kiingereza huja na mkalimani wake mwenyewe, na akikosa bila sababu ya msingi anaweza kuhesabiwa kuwa hakufika. Mkalimani awe na umri wa miaka 18 au zaidi, na asiwe wakili wala shahidi wa mwombaji. Mteja akisema “mimi”, nawe sema “mimi”. Usifupishe, usipambe, usimtetee. Akilia, ngoja.

5. Jua mpaka wako. “Kaka, hapa niweke alama wapi?” Utaulizwa tu. Jibu ni la wakili, au la mwakilishi aliyeidhinishwa na Idara ya Sheria, hata kama fomu unaijua vizuri. Uliyoyasikia nayo yabaki hapo hapo. Usiyasimulie msikitini, kanisani wala kwenye kundi la WhatsApp, hata bila kutaja jina. Jamii yetu ugenini ni ndogo, na watu hutambuana kwa kijiji tu.

Yapo mawili ambayo ukiyasikia usilale nayo, mpigie wakili siku hiyo hiyo. Kwanza, mteja amehama. Anwani mpya lazima ifike mahakamani ndani ya siku 5 za kazi kwa fomu EOIR-33. Wito ukienda nyumba ya zamani naye asifike, jaji anaweza kuamuru aondolewe nchini bila yeye kuwapo. Pili, amekaribia mwaka tangu aingie nchini na bado hajawasilisha fomu I-589, ya kuomba hifadhi. Kwa kawaida ombi la hifadhi hupokelewa ndani ya mwaka 1 wa kuingia, na misamaha ya kuchelewa ni michache na migumu kuthibitisha.