Kanga wa udongo: jinsi ya kumfinyanga asipasuke tanurini

Juma lililopita mpwa wangu alinipigia simu kutoka Kadutu. Alichoma kanga 12, wakatoka wazima 3. "Mjomba, huu udongo ni mbovu." Nikamwuliza aliwaanika siku ngapi, akanyamaza. Basi haya ni yake, na ya yeyote anayechoma ndege hapa Bukavu.

1. Ndege gani. Kanga. Najua wageni wanamtaka korongo mwenye taji, lakini miguu ya udongo haimbebi. Korongo wangu mimi humtia miguu na taji ya waya akishachomwa. Kanga anakalia tumbo lake.

2. Tumbo. Kukanda unajua. Tia vigae vilivyotwangwa, kipimo 1 kwa 5 vya udongo. Finyanga vibakuli 2, unene usizidi kidole kidogo, kwaruza kingo kwa uma, paka ujiuji wa udongo, unganisha. Usitoboe bado: hewa iliyofungiwa ndani inashikilia kuta unapompigapiga kwa mwiko kumpa umbo. Ukimaliza, toboa chini ya mkia, tundu la kupitisha mrija wa kalamu ya biki.

3. Kichwa, mkia, madoa. Bandika udongo ukiwa na ugumu wa fromaji (jibini) ya Masisi. Madoa gonga kwa mrija uleule wa biki.

4. Kuanika. Hapa ndipo nilipopoteza tanuri nzima, mwezi wa Novemba, mvua ikinyesha kila alasiri. Nililaumu hewa ya tumboni kama kila mtu. Lakini hewa ikipashwa moto hutanuka kidogo tu. Maji yakigeuka mvuke yanataka nafasi mara 1,600 hivi. Ndege asiye na tundu lolote lakini mkavu kabisa anaweza kupona, na mwenye tundu lakini mbichi atapasuka. Tundu linasaidia tumbo likauke kwa ndani.

Siku 4 za kwanza mfunike na sashe (mfuko wa plastiki), mdomo na mkia uvifunge kitambaa chenye unyevu, maana vyembamba hukimbia kukauka na kujikata shingoni. Kisha mfunue, kivulini, si juani. Kiangazi, Juni hadi Agosti, wiki 2 zinatosha. Masika mimi humpandisha uchagani juu ya jiko, wiki 3, hata 4, na mke wangu analalamika. Rangi isikudanganye: ngozi hupauka mapema, tumbo bado linalia. Mweke shavuni. Ukihisi ubaridi, bado. Mwenye mizani ampime siku 2 mfululizo. Uzito ukishuka, bado.

5. Kuchoma. Makala (makaa) kidogo mdomoni mwa tanuri, saa 3 au zaidi. Shika kipande cha kioo kwenye tundu la moshi: kikiingia ukungu, maji bado yanatoka, usiongeze kuni. Kioo hiki nakiamini kuliko kipimajoto chochote. Kikibaki safi, tia mikaratusi mikavu. Wekundu hafifu ukianza kuonekana gizani, nenda taratibu tena, kwa sababu kwenye digrii 573 kwatzi, madini ya mchanga yaliyo ndani ya udongo, hutanuka ghafla. Baada ya hapo choma utakavyo.

6. Kufungua. Kesho yake, si usiku huo. Mpwa wangu alichungulia kwa tochi ya simu, akamtoa kanga mmoja kwa kitambaa. Alipomweka mezani, kanga alilia "ti!" akapata ufa toka shingo hadi mkia. Kwa hiyo waliotoka wazima ni 2.