Jinsi ya kumsaidia mtoto anayeishi katika nyumba yenye ukatili

Mtoto anayesikia mama yake akipigwa chumba cha pili huumia hata kama yeye mwenyewe hajaguswa, na ni makosa kudhani kwamba alikuwa amelala. Maelekezo haya ni kwa shangazi, bibi, mwalimu au jirani ambaye mtoto wa namna hiyo humkimbilia.

Mtazame kwanza. Mdogo anaweza kuanza tena kukojoa kitandani au kushtuka kila mlango unapogongwa. Mkubwa anaweza kuwa mgomvi, au kukosa masomo mara kwa mara kwa sababu anabaki nyumbani kumlinda mama yake, jambo ambalo shuleni huonekana kuwa utoro tu. Ninawasihi walimu waulize kabla ya kuadhibu.

Akianza kusema, msikilize mkiwa wawili, bila kumkatiza na bila kumhoji kama mtuhumiwa. Mwambie kwamba unamwamini na kwamba yanayotokea si kosa lake, maana watoto wengi huamini kuwa ugomvi ulianza kwa sababu yao, pengine kwa ajili ya ada au sahani iliyovunjika. Usimtukane baba yake mbele yake; mtoto huweza kumwogopa na kumpenda mtu yuleyule, na ukimlazimisha kuchagua atanyamaza. Wala usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote, bali mweleze kuwa utawaambia wale tu wanaoweza kusaidia.

Pangeni mapema, pamoja na mama yake ikiwezekana, la kufanya vurugu zikianza: asiingie kati kuamua, akimbilie nyumba mliyokubaliana, na aijue namba 116, simu ya huduma kwa mtoto inayopigwa bure nchini Tanzania na Kenya.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuzifikisha kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii, au kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Mtoto akiwa ameumizwa, matibabu yatangulie; baadhi ya hospitali zina vituo vya mkono kwa mkono, ambako matibabu, ushauri nasaha, polisi na msaada wa kisheria hupatikana mahali pamoja. Ikiwa hatari si ya papo hapo, zungumza kwanza na mama akiwa peke yake, kwa kuwa mara nyingi ukatili huzidi pale mwanamke anapojiandaa kuondoka. Usimkabili mume wake.

Kikao cha ukoo kina heshima yake, lakini mtoto asiitwe humo kutoa ushahidi mbele ya baba yake, wala asitumwe kupeleka maneno baina ya wazazi.

Mambo yakitulia, mrudishie ratiba anayoweza kuitegemea: chakula, shule, michezo na usingizi kwa saa zilezile. Ndoto mbaya au ukimya ukiendelea kwa wiki kadhaa, mwombe afisa ustawi akuelekeze kwa mshauri nasaha aliyezoea kuhudumia watoto.