Akicheza gemu mtandaoni, achomoe hedifoni

Wazazi wenzangu, hii nimeipata kwa jirani hapa Sakina, Arusha: mtoto akicheza Free Fire au gemu yoyote ya kuongea na wenzake, achomoe hedifoni, akae sebuleni, sauti itoke kwenye spika. Kwenye timu moja wanaweza kukutana watu wasiojuana kabisa wakaongea kwa maiki, na mtu mzima akijiita mwanafunzi wa darasa la sita, mtoto hana namna ya kumjua. Wewe ukiwa jikoni unakatakata mboga utasikia: "Unasoma shule gani?" "Mama yupo?" "Nipe namba ya WhatsApp nikutumie daimondi." Hilo la mwisho lishike sana; daimondi ni pesa za ndani ya gemu. Anayetaka kumtoa mtoto kwenye gemu ampeleke kwenye meseji za wawili, blokuni akaunti yake hapo hapo, mtoto akiona unavyofanya, na muiripoti. Tafadhali usimfokee wala kumnyang'anya simu, maana kesho atakuficha.

Hii haisaidii kwenye meseji za kuandika, hazina sauti. Hizo zifunge kwenye mipangilio ya gemu au mzipitie pamoja. Haisaidii pia akichezea kwa rafiki yake, labda uongee na mama wa huko naye afanye hivyo hivyo. Na kama ameshatishiwa au kuombwa picha, usifute kitu: piga skrinshoti, kisha piga 116, namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto.