Kabla ya kupeleka vichezeo vya mbao Ulaya

Mtu akikuambia atakupatia "cheti cha CE" kwa siku mbili, kaa naye mbali. CE ni alama inayobandikwa kwenye bidhaa zinazouzwa Umoja wa Ulaya, na haina ofisi inayoitoa. Anayeibandika ni mtengenezaji mwenyewe, na akishaibandika amekiri kwamba bidhaa inatimiza sheria za Umoja wa Ulaya. Akiulizwa, alete ushahidi.

Tuchukue twiga wa mbao mwenye magurudumu. Amua kwanza ni wa mtoto wa umri gani. Akiwa wa walio chini ya miezi 36, kisichomoke kipande chochote kinachoweza kuingia chote kwenye kikopo cha kupimia chenye kipenyo cha milimita 31.7. Maabara watalivuta gurudumu, watalizungusha, watamwangusha twiga sakafuni. Kuandika "si kwa watoto chini ya miaka mitatu" hakukuokoi kama kila anayemwona anajua ni wa mtoto mdogo. Rangi nazo hupimwa, madini ya risasi yakiwemo, kwa hiyo usinunue rangi usiyojua imetoka wapi.

Kabla ya kulipia vipimo, iulize maabara kama ina ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, kisha omba orodha ya vipimo ambavyo ithibati hiyo inavihusu. Hapa ndipo watu hupigwa: maabara inaweza kuwa na ithibati ya maji na vyakula tu, huku wewe unataka EN 71, kiwango cha vichezeo. Alama ya TBS au KEBS ni nzuri kwa soko la nyumbani, lakini haishiki nafasi ya CE.

Halafu tafuta mtu aliye ndani ya Umoja: mwagizaji au mwakilishi uliyempa idhini kwa maandishi. Tangu Julai 16, 2021 sheria inamtaka, hata ukiuza mtandaoni moja kwa moja, na jina na anwani yake vionekane kwenye bidhaa, kifungashio au nyaraka za mzigo. Binamu wa London hafai, Uingereza ilishatoka.

Forodha wakitilia shaka, huuzuia mzigo na kuwaita wakaguzi wa soko. Bidhaa ikionekana ya hatari kubwa, picha yake huwekwa hadharani kwenye Safety Gate, mfumo wa Umoja wa Ulaya wa kutahadharisha kuhusu bidhaa hatari, na nchi zote wanachama huiona. Jalada la vipimo, michoro na tathmini ya hatari litunze miaka 10, nakala yake iwe kwa mwakilishi wako.