Jinsi ya Kukabiliana na Maumivu Sugu kwa Njia za Asili

Maumivu yanayodumu au kurudirudi kwa zaidi ya miezi 3 huitwa maumivu sugu, na hayafuati kanuni za maumivu ya jeraha jipya. Mtu anapojikata kidole, maumivu humpa taarifa ya kweli kuhusu kidole hicho, na kidonda kikipona taarifa hukoma. Katika maumivu sugu, neva, uti wa mgongo na ubongo mara nyingi huwa vyepesi mno kuamshwa, hata mguso au mwendo usio na madhara yoyote ukauma. Maumivu hayo si ya kujitungia. Yapo kweli, ila ukali wake huenda usilingane tena na hali ya kiungo chenyewe. Ndiyo maana anayetafuta kuyafuta kwa wiki moja huishia kukata tamaa, ilhali anayelenga kuurudisha kwanza uwezo wa kutembea, kufanya kazi na kulala huona mabadiliko mapema zaidi.

Kabla ya yote, chanzo kichunguzwe hospitalini. Maumivu yanayoambatana na homa, kupungua uzito bila sababu, au yaliyoanza baada ya kuanguka vibaya hayangoji tiba ya nyumbani. Na mwenye maumivu ya mgongo anayeanza kushindwa kuzuia mkojo au choo, au kupata ganzi sehemu za siri na mapajani, anahitaji huduma ya dharura siku hiyo hiyo. Vilevile, anayetumia dawa za hospitali asiziache ghafla kwa kuwa ameanza njia za asili, kwani baadhi yake hupunguzwa taratibu chini ya uangalizi wa daktari.

Hatua yenye faida kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kujifunza kupima kazi. Kinachowaangusha wagonjwa wengi ni siku nzuri: mtu huamka mwepesi, akadeki nyumba nzima, akafua na kupiga pasi, kisha akalala kitandani siku mbili kwa maumivu. Mzunguko huo ukirudiwa kwa miezi, misuli hudhoofika, hofu ya kujongea huongezeka, na siku nzuri zenyewe huwa chache. Dawa yake ni kuiacha saa iamue, si maumivu. Chagua shughuli moja, tuseme kutembea, na kwa siku chache uandike ni dakika ngapi hupita kabla maumivu hayajaanza kupanda. Ukipata 12, 8 na 10, wastani wako ni 10. Basi anza chini kidogo ya wastani huo, kwa dakika 8, na utembee hizo 8 siku nzuri na siku mbaya. Dakika zikiisha, simama, hata kama miguu inataka kuendelea. Wiki ikipita salama, ongeza dakika moja. Mwendo huu unaonekana wa kinyonga, na kusimama siku ambayo mwili una nguvu ni kazi ngumu kuliko kutembea kwenyewe, lakini mfumo wa neva hujifunza kwa kurudia jambo lile lile bila kutishwa. Kazi za nyumbani nazo hugawanywa vivyo hivyo: nguo chache kwenye pasi, kukaa kidogo, kisha kuendelea.

Maumivu yakiongezeka kidogo baada ya mazoezi na kutulia ndani ya saa 24, hakuna ubaya. Yakizidi hapo, punguza kiasi lakini usiache kabisa. Aina ya zoezi haina uzito mkubwa kama watu wanavyodhani. Kutembea, kuogelea, yoga nyepesi au mazoezi ya kuimarisha misuli, yote yanafaa mradi uyadumishe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu maumivu sugu ya kiuno, uliotolewa Desemba 2023, unayaweka mazoezi na elimu kwa mgonjwa miongoni mwa tiba zinazopendekezwa, na haupendekezi matumizi ya kawaida ya mikanda ya kiuno.

Joto na kukanda hutuliza kwa muda, na muda huo una thamani yake, hasa ukitumiwa kabla ya mazoezi. Taulo lililoloweshwa maji ya moto na kukamuliwa, au chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa, huwekwa kwa dakika 15 hadi 20, ila si mahali penye ganzi, kwa kuwa ngozi isiyohisi huungua bila mwenyewe kujua. Mwaka 1965, watafiti wa maumivu Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba taarifa za mguso zinaweza kuzuia taarifa za maumivu katika uti wa mgongo zisipande zote hadi kwenye ubongo. Ndiyo sababu mtu aliyejigonga goti hulisugua bila hata kufundishwa.

Pumzi nayo si jambo dogo. Vuta hewa polepole mpaka tumbo liinuke, kisha itoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, kwa dakika 5 asubuhi na jioni. Mwili uliokakamaa kwa wasiwasi hukaza misuli, na misuli iliyokazwa huongeza maumivu. Usingizi mbaya pia huyazidisha, hivyo amka saa ile ile kila siku, acha kahawa na chai mchana ukiingia, na ukilala ubavu weka mto katikati ya magoti ili kiuno kisipinde.

Kuhusu mitishamba nashauri tahadhari. Krimu ya kapsaisini, kiini cha ukali wa pilipili, husaidia maumivu ya viungo kama goti; hupakwa mara kwa mara kwa wiki kadhaa, huchoma mwanzoni, na mikono huoshwa vizuri kabla ya kugusa macho. Pilipili mbichi isipakwe. Bizari ya manjano imeonyesha nafuu ya kiasi kwa goti lililolika, lakini vidonge vyake vinaweza kuingiliana na dawa za kuzuia damu kuganda. Magome ya mti wa wilo (kwa Kiingereza willow) yana salisini, jamaa ya aspirini, hivyo mwenye vidonda vya tumbo ayaepuke. Unga wa dawa ya viungo vya mwili unaodaiwa kuondoa maumivu usiku mmoja utiliwe shaka, kwani baadhi ya bidhaa za namna hiyo zimewahi kukutwa zimechanganywa kwa siri na steroidi, yaani dawa kali za hospitali za kupunguza uvimbe.

Hata kwa mwenye nidhamu, maumivu yatapanda ghafla siku fulani. Andika mapema, ukiwa na akili tulivu, utakachofanya siku hiyo: kupunguza dakika za kutembea hadi nusu, joto mara mbili, pumzi, na jina la mtu wa kukusaidia kazi nzito. Kisha, baada ya siku mbili au tatu, anza tena kuongeza dakika kidogo kidogo.